Somo la Familia: Kuanza Matibabu ya Akili Kwenye Kituo cha Afya

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya somo: 1 Wafalme 19:1-8, Mathayo 4:24, Marko 2:1-12, Marko 9:14-29.



Mwezi huu wazee wenzangu wameniomba niandike juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa Nakivale tunalinong'oneza tu: magonjwa ya akili, na namna ya kuanza matibabu kwenye kituo cha afya. Nimekubali kwa sababu nina deni. Acheni nianze na deni hilo.

KOSA LANGU

Miaka michache iliyopita familia moja ya kanisa letu ilikuwa na kijana wa miaka 13 mwenye kifafa. Muuguzi alikuwa amemwanzishia vidonge, na kwa miezi minne hakuanguka. Baba yake akaja kuniuliza: "Mzee, tumeomba na tumefunga, na mtoto haanguki tena. Tuendelee na vidonge?" Nikamjibu kwamba kuendelea na vidonge ni kuonyesha mashaka mbele za Mungu. Nilijibu haraka, kama mtu anayejua. Sikujua kitu.

Waliacha dawa siku ile ile. Siku ya tisa mama alikuwa amekwenda kwenye mgawo wa chakula. Mtoto akaanguka karibu na mafiga, na mkono wake wa kuume ukaingia motoni. Jirani ndiye aliyemtoa. Leo yuko hai, Bwana ashukuriwe, lakini vidole viwili havikunjuki, na kalamu anaishika kwa mkono wa kushoto. Nilipokwenda kuwaomba msamaha, mama yake hakunitukana. Aliniambia tu: "Mzee, wengine watakuja kukuuliza. Wale uwajibu vizuri."

Somo hili ni jibu langu. Nimeliandika baada ya kukaa na wauguzi na kuwauliza maswali ambayo nilipaswa kuyauliza kabla ya kumjibu yule baba.

1. JE, KWENDA KITUONI NI KUKOSA IMANI?

Tuanze na Mathayo 4:24. Hapo wanatajwa watu walioletwa kwa Yesu: wenye pepo, wenye kifafa, na wenye kupooza. Angalieni kwamba wametajwa mbalimbali. Kama kifafa na pepo vingekuwa kitu kimoja, Mathayo asingekuwa na sababu ya kuvitenga. Basi anayesema kila aangukaye ana pepo, anasema zaidi ya Maandiko.

Wengine watanikumbusha Marko 9, habari ya kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini. Ni kweli, na Bwana alimponya. Lakini someni mstari wa 21. Kabla ya kumponya, Yesu alimwuliza baba yake jambo hili limempata tangu lini. Alisikiliza historia ya mgonjwa. Hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa na muuguzi.

Sasa 1 Wafalme 19. Eliya amemkimbia Yezebeli. Ni mkimbizi kama sisi. Anaketi chini ya mti jangwani na kuomba afe. Je, Mungu alimkemea? Alimwambia hana imani? Hapana. Alimwacha alale, malaika akamletea mkate na maji, akalala tena, akalishwa mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mungu alianza na mwili wa mtumishi wake, ndipo baadaye akasema naye mlimani.

Basi maombi na dawa havigombani. Mgonjwa wa malaria tunamwombea na tunampeleka kupimwa. Ubongo nao ni kiungo cha mwili, na Mungu yule yule ndiye aliyeuumba.

2. NI NANI ANAYEHITAJI KUPELEKWA?

Si kila huzuni ni ugonjwa. Mtu aliyefiwa hulia. Aliyeacha shamba na nyumba yake Masisi, Fizi au Ituri, hukumbuka na kukosa usingizi siku nyingine. Hao wanahitaji ndugu, chakula, kazi na muda.

Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba kati ya watu watano walio mahali palipopitiwa na vita katika miaka kumi iliyotangulia, mmoja hivi ana ugonjwa wa akili, mwepesi au mzito. Hesabuni benchi moja la kanisa letu. Mlete mtu kituoni ukiona mambo haya:

- Huzuni, uchovu au kukosa hamu ya kila kitu, kwa wiki mbili au zaidi, hata hawezi kupika, kulima au kutunza watoto.
- Ndoto za vita kila usiku, kushtuka kwa kila kishindo, kukwepa kila kitu kinachomkumbusha yaliyompata, moyo kudunda bila sababu.
- Kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuona kwamba watu wote wanamwinda, kusema maneno yasiyofuatana.
- Kutolala siku kadhaa huku ana nguvu nyingi kupita kiasi, anagawa mali au anajiita mtu mkubwa.
- Kuanguka na kutetemeka, au mtoto kukodoa macho na kupotewa na fahamu kwa muda mfupi mara kwa mara.
- Kunywa pombe hadi posho ya nyumbani inauzwa.
- Kusema kwamba anataka kufa.

Msishangae kuona kifafa katika orodha hii. Hapa Uganda wenye kifafa kwa kawaida hutibiwa kwenye kliniki ya akili. Haina maana kwamba wana wazimu. Na kifafa hakiambukizi, wala kwa povu, wala kwa mate, wala kwa kula sahani moja.

3. NJIA YA KUANZA, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: mwambie mjumbe wa afya wa kijiji chako, wale tunaowaita VHT. Huhitaji kumweleza yote mbele ya majirani. Sema tu: "Nina mgonjwa nyumbani, naomba kujua siku ya kliniki ya akili." Vituo vingi vina siku maalum kwa kazi hiyo, na ratiba hubadilika, hasa misaada inapopungua. Uliza kabla ya kutembea mwendo mrefu. Lakini hatari ikiwa kubwa, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku yoyote, saa yoyote.

Hatua ya pili: tayarisha vitu vya kubeba.

- Karatasi ya familia au kitambulisho cha mkimbizi.
- Daftari la matibabu. Kama huna, daftari dogo la shule linatosha. Muuguzi ataandika humo. Lisiwe la mtoto la hesabu, maana litachanwa.
- Dawa zote anazotumia, za dukani na za miti shamba pia. Usizifiche. Baadhi hugombana na dawa za kituo.
- Mtu anayemjua mgonjwa vizuri na aliyeona dalili kwa macho yake.
- Chakula na maji. Foleni inaweza kwenda hadi jioni.

Usiku kabla ya kwenda, kaeni pamoja mwandike: ilianza lini? Hutokea mara ngapi? Kwenye ukoo yuko mwingine? Alipigwa kichwani au aliumwa malaria kali zamani? Mama ana mimba au ananyonyesha? Kwa mwenye kifafa, andikeni kila anguko na tarehe yake. Muuguzi hataona anguko lenyewe. Ataona maandishi yenu.

Hatua ya tatu: siku ya kwanza. Mtaandikwa, mtapimwa uzito na presha, kisha mtangoje muuguzi au daktari. Anaweza kuagiza damu ipimwe malaria na mengine, kwa sababu malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aseme ovyo kama mwenye wazimu, na kupungukiwa na sukari pia. Usiseme, "Nilileta mgonjwa wa akili, kwa nini mnamtoboa kidole?" Wanatafuta chanzo.

Halafu yanakuja maswali. Mengine yanaona haya: juu ya pombe, juu ya ndoa, juu ya mawazo ya kujiua, juu ya mambo uliyotendewa njiani. Una haki ya kusema, "Hilo sijawa tayari kulisema leo." Mama au dada aliyetendewa jeuri ya mwili anaweza kuomba muuguzi mwanamke. Kama jambo hilo limetokea sasa hivi, aende mara moja, ndani ya saa 72, ili apate dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi. Asingoje kumaliza kulia.

Neno moja kwa upendo. Muuguzi si afisa wa mahojiano ya ukimbizi. Anauliza ili atibu. Usiongeze habari ukidhani zitakupeleka nchi ya tatu, wala usifiche ukiogopa zitakuzuia. Anayeongeza hupewa dawa isiyo yake. Anayeficha hurudi nyumbani na ugonjwa wake.

Mkalimani: kama Kiingereza au Kinyankole kinakushinda, omba mkalimani. Usimtumie mtoto wako. Si vema mtoto wa miaka kumi atafsiri jinsi mama yake anavyotaka kufa. Na kama mkalimani ni jirani au mtu wa upande unaouogopa, sema kwa utaratibu kwamba unaomba mwingine.

Siri: unayosema hukaa kati yako na wanaokutibu. Kuna mambo yanayoweza kuwafanya waseme na wengine, kama hatari ya uhai, wako au wa mtu mwingine. Waulize mapema, watakueleza.

Mwisho wa siku utapewa mojawapo ya haya: dawa, siku za kuzungumza na mshauri, vyote viwili, au barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa ya Mbarara. Kabla ya kutoka mlangoni uliza maswali matatu: Ugonjwa huu unaitwaje? Nifanye nini nyumbani? Nirudi tarehe ngapi?

4. JUU YA DAWA

Hapa ndipo wengi tunapoangukia, na mimi nikiwa wa kwanza.

Dawa za huzuni nzito hazifanyi kazi siku moja. Huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, kabla mgonjwa hajaona nafuu. Anayemeza siku tano na kusema "hazinisaidii" ameacha kupanda mlima akiwa bado bondeni.

Dawa ya kifafa humezwa kila siku, hata asipoanguka. Kutoanguka ndiko kazi ya dawa yenyewe. Ikikatwa ghafula, maanguko yanaweza kurudi kwa nguvu, hata kufuatana bila kukoma, na mtu akafa. Hilo sikulijua nilipomjibu yule baba. Kama mgonjwa amekaa muda mrefu bila kuanguka, hata miaka miwili, muuguzi anaweza kuamua kuipunguza kidogo kidogo. Kazi hiyo ni yake. Si ya mzee wa kanisa, si ya pasta, si ya nabii.

Dawa za kutuliza sauti na kuchanganyikiwa zinaweza kumkaza mtu shingo, kumtetemesha mikono au kumletea usingizi mwingi. Akikazwa shingo au ulimi, mrudishe kituoni siku ile ile. Kuna dawa ya kuondoa hali hiyo. Usikate dawa kimyakimya. Kwa wengine kuna sindano ya kila mwezi badala ya vidonge.

Mama mwenye mimba, au anayetarajia kuzaa, amwambie muuguzi. Baadhi ya dawa za kifafa zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na zinaweza kubadilishwa kwa utaratibu.

Rudi kabla dawa hazijaisha. Zikibaki za wiki moja, anza safari, maana wakati mwingine kituo huishiwa. Ukikuta hakuna, omba jina la dawa liandikwe kwenye daftari na uulize kituo gani kingine kinayo. Usimgawie jirani vidonge vyako hata kama dalili zake zinafanana na zako.

5. JUU YA MAZUNGUMZO

Baba wengi husema, "Nitatembea mbali niende kuongea tu?" Lakini kuongea kwa utaratibu na mtu aliyefundishwa ni matibabu. Ushahidi uko hapa hapa kwetu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2008 ulifanyika Nakivale, kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia waliokuwa wakiteswa na kumbukumbu za vita. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa jamii ya wakimbizi waliopewa mafunzo. Njia moja waliyoitumia ni kumsaidia mtu asimulie maisha yake tangu utoto, mabaya na mema, hatua kwa hatua, mpaka yale ya vita yapate mahali pake kama mambo yaliyopita. Miezi tisa baadaye, kwa watu saba hivi kati ya kumi walioipata njia hiyo ugonjwa ule haukuonekana tena. Kwa wale ambao hawakupata ushauri wowote, hawakufika wanne kati ya kumi.

Siku za kwanza mtu anaweza kurudi nyumbani amechoka, hata ndoto zikaongezeka kidogo. Asiogope. Amweleze mshauri wake na aendelee.

6. ANAPOSEMA ANATAKA KUFA

Ndugu, mwulizeni waziwazi: "Je, unafikiri kujiua?" Kuuliza hakumpandi mtu wazo hilo. Kunamfungulia mlango wa kusema.

Akikubali, usimkemee na usimhubirie jehanamu. Usimwache peke yake, hata usiku. Ondoa nyumbani dawa za kunyunyizia mimea, kamba, visu, na vidonge vingi. Mpeleke kituoni siku ile ile, na watu wawili wafuatane naye.

Na anayeanguka kifafa: mwondolee moto na mawe, mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimshike kwa nguvu, usimmwagie maji. Anguko likipita dakika tano, au likifuatwa na lingine kabla hajazinduka, mpeleke haraka.

Mgonjwa anayefanya fujo tusimfunge kamba au mnyororo kwenye mti, wala kumfungia chumba cha maombi bila chakula. Aliyefungwa haponi. Anapata vidonda, na anajifunza kutuogopa. Mwiteni mjumbe wa afya na wanaume wapole wawili ambao yeye anawaamini.

7. KAZI YA KANISA

Katika Marko 2 yule mwenye kupooza hakufika kwa Yesu kwa miguu yake. Alibebwa na watu wanne. Mlango ulipozibwa na umati, hawakurudi nyumbani. Walipanda juu ya dari. Na Yesu aliiona imani yao, wale waliobeba.

Kila mgonjwa wetu anahitaji wanne. Wa kwanza amsindikize kituoni siku ya kliniki. Wa pili abaki na watoto na kuangalia chakula kisiungue. Wa tatu akumbuke tarehe ya kurudi na kuuliza kila jioni, "Umemeza?" Wa nne achange pesa ya bodaboda pale miguu isipofika. Idara ya wamama imeshaanza kwa familia mbili. Wababa, na sisi tusikae nyuma.

Na sisi tunaoongoza maombi: tuwaombee wagonjwa kwa machozi, na kwa mafuta kama Yakobo 5:14 inavyotuelekeza. Lakini mtu wa kanisa hili asimwambie tena mgonjwa yeyote aache dawa. Mgonjwa akisema amepona, tumshukuru Mungu pamoja naye, kisha tumsindikize kwa muuguzi akathibitishe. Yesu mwenyewe alimtuma aliyetakaswa ukoma akajionyeshe kwa kuhani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Eliya aliomba afe. Mungu alimfanyia nini kwanza, na sisi tungemfanyia nini?
2. Katika kijiji chetu, ni mgonjwa gani tunayemcheka au kumkwepa? (Msimtaje jina mbele ya watoto.)
3. Nani ni mjumbe wa afya wetu, na kliniki ya akili ni siku gani? Asiyejua aulize wiki hii.
4. Kwa nani sisi tunaweza kuwa mmoja wa wale wanne?

TUOMBE

Baba, wewe uliyemlisha Eliya alipochoka, tazama waliochoka katikati yetu. Wape usingizi. Wape wauguzi wetu subira na dawa za kutosha. Utusamehe pale tulipojibu kwa haraka na watoto wako wakaumia. Utufundishe kubeba. Katika jina la Yesu, amina.

Yule kijana ameniruhusu kuandika habari zake, yeye pamoja na wazazi wake. Sasa ni mwaka wa tatu anameza vidonge kila jioni, na hajaanguka tena. Jumapili hupiga ngoma kwenye kwaya ya vijana, kwa mkono wa kushoto.